Paa la Delta: Kazi ya Fundi na Kazi ya Mwenye Nyumba

Anayejenga wilayani Kibiti leo, iwe mjini kandokando ya barabara ya Kilwa au ndani kabisa ya delta ya Rufiji, Mbuchi na Kiongoroni, ambako bati hufika kwa boti, humaliza nyumba yake kisha akakutana na tatizo moja. Paa halivuji, kuta zimesimama, lakini kuanzia saa tano asubuhi mpaka alasiri ndani hakukaliki. Majirani humshauri aweke dari, na hapo mabishano huanza: amwite fundi, au aifanye mwenyewe na vijana wake? Wengi hulijibu swali hilo kwa kupiga hesabu ya fedha tu. Naona historia ya nyumba za delta hiyo ina jibu zuri zaidi. Zamani kazi ya paa huku ilikuwa na sehemu mbili zenye wenyewe wawili, mjuzi na kaya, na sehemu ya kaya ndiyo iliyokuwa ikizuia joto. Bati lilipoingia, kazi yote ikaenda kwa fundi, na ile ya kuzuia joto ikabaki haina mwenyewe.

Tulitazame kwanza paa lenyewe lilivyokuwa. Nyumba ya kawaida ya delta ilikuwa na kiunzi cha miti ya mikoko, kuta za fito zilizokandikwa udongo, na paa la makuti lenye mteremko mkali. Mkandaa, msinzi na mkoko ndiyo miti iliyotegemewa, kwa kuwa ni migumu na mchwa hawaiwezi kirahisi. Juu ya nguzo ulilazwa mwamba, kutoka kwenye mwamba yakapandishwa makombamoyo, na juu ya makombamoyo zikafungwa fito kwa kukingama. Makuti ya kuezekea hayakuwa ya kumba, yale yanayosukwa kwa ajili ya ua na choo. Yalikuwa makuti ya viungo: majani ya mnazi yaliyochambuliwa, yakakunjwa moja moja juu ya ufito mwembamba na kushonwa yakilaliana. Kuti moja peke yake halizuii chochote. Kuezeka kulianzia chini, kwenye mchirizi, safu ikipanda juu ya safu, kila moja ikifunika sehemu kubwa ya iliyotangulia, hata paa lililokamilika likawa na unene wa kiganja au zaidi. Ndani ya unene huo ilinaswa hewa, na hewa iliyotulia ni kizuizi kizuri sana cha joto. Sufu ya kioo ambayo watu wa Ulaya na Marekani huitandaza juu ya dari zao hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo, tofauti ni kwamba kwao inazuia joto la ndani lisitoke miezi mingi ya mwaka. Moshi wa jikoni nao ulipenya katika makuti, ukayakausha na kuwasumbua wadudu. Hata dungu, kibanda cha juu ya miti anachokaa mkulima wa mpunga bondeni akifukuza ndege na nguruwe, kiliezekwa kwa majani kwa hesabu hiyo hiyo ya tabaka juu ya tabaka.

Lugha ya ujenzi ya pwani inatofautisha kupaua na kuezeka, na tofauti hiyo ilikuwa ya watu pia. Kupaua, yaani kusimamisha kiunzi cha paa, kulihitaji jicho lililozoea. Mteremko ukilala kidogo maji husimama na makuti huoza. Mwamba ukikaa upande, upepo wa kusi huutafuta upande huo. Kwa hiyo mwenye nyumba alimtafuta mtu anayejulikana kwa kazi hiyo, akampa chake. Kuezeka kulikuwa kwa kaya na kwa walioalikwa. Wanawake walishona makuti kwa muda mrefu kabla ya siku yenyewe, wakiyarundika mpaka yakatosha. Siku ikifika vijana walipanda, wengine wakawarushia makuti kutoka chini, na chakula kikapikwa. Kwa kuwa makuti huchoka baada ya miaka michache tu, kazi ilirudiwa kila mara, na kila aliyekua katika nyumba ile aliishika kwa mikono yake zaidi ya mara moja kabla hajajenga yake. Ujuzi wa kuzuia joto haukuhitaji shule wala fundi kwa sababu nyumba yenyewe iliufundisha kila ilipochakaa.

Kuna atakayesema kwamba hayo yalikuwa mambo ya watu wasio na fedha, na kwamba penye fedha fundi huchukua kila kitu. Delta haikuwa mahali pasipo fedha. Kwa vizazi vingi majahazi ya Uarabuni na Ghuba yalishuka na kaskazi, yakaingia kwenye milango ya Rufiji kama Simba Uranga, yakapakia miti, yakarudi na kusi. Miti ilipangwa kwa unene, kuanzia fito, pau na mazio hadi boriti na nguzo, ikahesabiwa kwa korija, ishirini ishirini. Mwandishi na baharia Alan Villiers, aliyesafiri katika jahazi la Kuwait msimu wa 1938 na 1939, alifika Rufiji na wenzake kuchukua boriti, na katika kitabu chake majuma ya delta ni ya tope, mbu na taabu. Miti hiyo ilikwenda kubeba mapaa ya miji iliyokuwa tajiri kuliko Rufiji. Vyumba vya nyumba za mawe za Unguja ni vyembamba kwa sababu boriti ina urefu wake, na chumba hakiwezi kuupita. Juu ya boriti hizo mafundi walipanga mawe na kushindilia chokaa, wakapata dari nzito ambayo jua huchukua saa nyingi kuipenya. Kuwait na Bahrain walitandaza mianzi iliyopasuliwa, juu yake mikeka ya majani, juu ya mikeka udongo mnene. Joto kali la miji ya Ghuba lilizuiwa kwa tabaka zilizolala juu ya miti ya Rufiji.

Mfano huo wa mawe na udongo unaeleza jambo muhimu. Kule mjini fundi alifanya kazi yote, na nyumba zilikuwa baridi. Kwa hiyo kuajiri si dhambi, wala simlaumu fundi kwa kuwa fundi. Nyumba za Unguja na Kuwait zilikuwa baridi kwa sababu tabaka la kuzuia joto lilikuwa ndilo paa. Hapakuwa na namna ya kuliacha na bado ukasema umemaliza, kwani mvua ingeingia. Makuti vile vile: unene unaozuia mvua ndio unaozuia jua. Bati limeuvunja muungano huo. Ukiacha yale madebe yaliyopasuliwa na kuezekewa vibanda vya mijini, ambayo ni ndugu yake, bati ni paa la kwanza katika pwani hii linaloweza kukamilika, likapokelewa na kulipiwa, bila kuzuia joto hata kidogo.

Kubadilika kwenyewe hakukutokea kwa siku moja, wala hakukuanza na bati. Mwaka 1898 serikali ya Kijerumani iliiweka mikoko ya delta chini ya himaya yake, jambo ambalo mwanahistoria Thaddeus Sunseri amelichambua kwa kina katika utafiti wake wa misitu ya Tanzania. Mwaka huo huo kodi ya nyumba ilianza kutozwa. Basi mtu wa Rufiji alidaiwa fedha kwa kuwa na nyumba, na wakati huo huo mti wa kuijengea ukawa mali ya serikali, wa kukatwa kwa kibali. Waingereza waliendeleza utaratibu huo, na baada ya uhuru mikoko imebaki hifadhi. Leo vibali viko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Sisemi hifadhi ni kosa. Mikoko ya Rufiji ndiyo mikubwa kuliko yote ya delta moja katika Afrika Mashariki, na bila hiyo hakuna kamba wala kaa. Lakini lazima isemwe kwamba ufito, uliokuwa kitu cha kwenda kuchukua, umekuwa kitu cha kuomba au kununua, na huo ulikuwa ufa wa kwanza katika kazi ya nyumbani.

Nyufa nyingine zilifuata. Baada ya mafuriko ya 1968, Operesheni Rufiji iliwahamisha watu wa bondeni kwenda vijiji vya juu, na nyumba zikajengwa kwa haraka, kati ya majirani ambao wengine walikuwa bado hawajazoeana kiasi cha kualikana. Ugonjwa wa kunyong'onyea na kufa minazi uliangamiza mashamba mengi ya pwani ya Tanzania Bara. Mradi wa Taifa wa Maendeleo ya Minazi ulioanza 1979 ulikuwa na kazi kubwa ya kupambana nao. Minazi ikipungua, makuti hupanda bei. Upande wa pili bati lilikuwa likishuka kutoka mbinguni mwa wenye mishahara: kiwanda cha ALAF kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1960, na msimu mzuri wa korosho ulitosha kuanza kulinunua kidogo kidogo. Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003 na barabara ya kusini ikaendelea kutengenezwa, lori la bati likaacha kuwa tukio. Mwalimu Nyerere alikuwa ameliona hilo mapema. Katika tathmini yake ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, mwaka 1977, aliwasema waziwazi Watanzania waliokataa tofali za kuchoma na vigae wakingoja bati na saruji, akauita uraibu huo kupooza kwa akili. Watu hawakumsikiliza. Nadhani alikosea kuona ni akili tu, kwa sababu bati lilikuwa na faida ambazo kigae hakikuwa nazo, hasa wepesi wake kwenye kuta dhaifu.

Na faida hizo ndizo pingamizi la kwanza dhidi ya hoja yangu. Mtu wa Msala au Maparoni anaweza kusema: nisimulieni makuti mpaka kesho, mimi nataka maji. Visima vingi vya delta vina chumvi, na bati hukinga maji ya mvua safi ambayo makuti huyatoa yakiwa na rangi ya chai. Ana haki. Makuti pia hushika moto, na cheche moja hupita nyumba baada ya nyumba. Yanahifadhi panya na nyoka. Kuhusu mbu, utafiti wa Steven Lindsay na wenzake uliochapishwa mwaka 2019, uliofanywa Gambia, ulionyesha kwamba mbu hufa kwa wingi zaidi katika nyumba za bati kuliko za nyasi, na sababu waliyoieleza ni lile lile joto la mchana. Nayakubali yote hayo. Anayewaambia watu wa Kibiti warudi kwenye makuti anawaambia waache maji, na kwa kawaida yeye mwenyewe analala chini ya bati lenye dari. Hoja ni nyingine: bati libaki, na tabaka lililopotea lirudi chini yake.

Kwa nini fundi halirudishi mwenyewe? Fundi wa paa hulipwa kwa kazi, si kwa siku, na kazi inapimwa kwa mvua ya kwanza. Kenchi zimesimama, papi zimegongwa, bati limelala mstari, kofia imekaa, hakuna tone: makubaliano yametimia. Hakuna mteja anayepokea nyumba saa saba mchana akakaa ndani nusu saa kabla ya kumalizia malipo. Bati la geji 30 lina unene wa kama milimita 0.3. Jua la mchana hulipasha likapita nyuzi 50, na joto hilo halingoji hewa ilibebe. Linamulika kwenda chini moja kwa moja, ndiyo maana aliyelala kitandani huhisi kichwa kinaungua ingawa dirisha liko wazi. Usiku bati hupoa upesi kuliko makuti, na hilo ni jambo la kulisifu. Tatizo la bati ni la mchana, na mchana ndani ya nyumba wapo wazee, wagonjwa, wazazi waliojifungua na watoto wachanga, ambao si wao waliokaa na fundi kupatana bei.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Kazi ya nyumbani, watu husema, ni bure kwa asiyeifanya tu. Makuti yale ya zamani yalishonwa na wanawake waliokuwa pia wakilima, wakitwanga na kuchota maji, na hakuna aliyewahesabia. Ujima ulikuwa na bei yake: wali, samaki, na deni la kwenda kumwezekea mwenzako wakati mpunga wako unangoja kuvunwa. Ukilipa fundi umenunua muda wako. Ni kweli, na yeyote anayesifu ujima bila kutaja mikono ya wanawake anasifu nusu ya jambo. Hata hivyo dari haifanani na makuti katika hili. Makuti yalirudiwa kila baada ya miaka michache, lakini dari iliyokaa pakavu chini ya bati haipigwi na mvua wala jua, na hudumu muda mrefu. Tena inaweza kufanywa chumba kimoja kimoja, msimu wa kiangazi baada ya mavuno, bila kualika mtu. Mzigo ni mdogo kuliko ule wa zamani, na ukigawanywa kwa haki nyumbani haumlemei mmoja.

Pingamizi la tatu huletwa na mafundi wenyewe, nao wana la kusema. Mtu asiyejua akipanda juu ya bati anaweza kukanyaga katikati ya papi akaanguka. Akipigilia dari kwenye kenchi dhaifu anaongeza uzito ambao kenchi haikukusudiwa kuubeba. Akiziba kila upenyo, unyevu hukwama na mbao huota ukungu. Akiacha upenyo wazi, popo huhamia. Nyumba yenye umeme ina nyaya zinazopita juu, na nyaya zilizofunikwa ovyo ni moto unaongoja siku. Kwa haya yote, jibu ni kuurudia mgawanyo wa wazee. Kenchi, bati, umeme, na ukaguzi wa kama kiunzi kitabeba dari, hiyo ni kupaua, na ni ya fundi. Usione haya kumlipa. Kujaza fremu ya dari ni kuezeka, na kunaweza kurudi kwa kaya. Delta ina vitu vya kazi hiyo. Wanawake wa Rufiji wanajulikana kwa mikeka ya ukindu, na matete yako bondeni. Mkeka au matete yaliyobanwa kwa fito chini ya papi, yakiachiwa nafasi ya shubiri moja au zaidi kutoka kwenye bati, na matundu yenye wavu yakiachwa juu kwenye kuta mbili zinazotazamana ili hewa ya moto itoke, hukata ule mmuliko wa joto unaomchoma mtu kitandani. Hayo yasiwekwe jikoni wala karibu na taa ya moto, kwa maana yanaungua kama makuti yalivyoungua. Povu la plastiki linalotumika kufungia friji na televisheni lisiwekwe darini kabisa. Likishika moto moshi wake ni sumu. Jipsamu ni nzuri ya kutazama na ni kazi ya fundi tangu mwanzo hadi mwisho, ila kwenye delta, penye unyevu mwingi na bati linaloshika kutu kwa hewa ya chumvi, tone moja la kuvuja huichora ramani na kuilegeza. Mwenye uwezo aiweke, mradi amelikagua bati kwanza.

Wapo pia wanaotandaza makuti juu ya bati, kama mahoteli ya ufukweni yanavyofanya ili mgeni apige picha. Kivuli hupatikana, lakini makuti yaliyolowa hukaa juu ya chuma siku nzima na kukilisha kutu, na yale maji safi ya mvua, ambayo yalikuwa sababu nzuri kuliko zote za kununua bati, yanapotea. Kwa mtu wa delta hiyo ni hasara mara mbili.

Basi unayekaribia kujenga, kabla hujampa fundi kianzio, taja joto kwa jina katika makubaliano yenu. Mwambie aweke fremu ya dari pamoja na kenchi, aache matundu ya juu, na aonyeshe nyaya zitapita wapi. Bei ya hayo wakati paa bado liko wazi ni ndogo kuliko kumwita tena baadaye. Fremu ikishakuwepo, chumba cha kwanza kujazwa kiwe kile wanachokaa wazee na watoto mchana. Na halmashauri inayojenga madarasa na zahanati kwa bati tupu ingefaa ianze kuandika dari katika zabuni zake, kwa sababu huko hakuna kaya itakayokuja kuimalizia.